Sauti ya Mchambua Viazi

Mchambua viazi huyu wa Njombe huongea akiufunika mdomo kwa kiganja kilichopasuka kwa baridi. Hakuufunika alipoigiza filamu fupi ya mapenzi, akimuaga mpenzi wake stesheni ya Makambako kwa lafudhi yake ya Kibena. Baadaye filamu hiyo iliunganishwa na nyingine, ikawa moja ndefu. Jana, katika kibanda cha video Makambako, midomo yake ilicheza kwenye skrini, lakini ikatoka sauti ya mwanamke mwingine, yenye lafudhi ya Dar. Waliomnyang'anya sauti yake hawakuona haja hata ya kumwarifu.

"Dada, umehamia Dar lini?" jirani akamtania.

Akasimama, akayasema mwenyewe maneno yale ya kumuaga mpenzi: "Nenda, lakini hata baridi ya huku utaikumbuka..."

"Kaa chini, mama!" wakafoka wa nyuma. "Tunataka kumsikia huyo dada."