Posho Iliyoshuka kutoka Voi

Mume wangu alikuwa dereva wa lori, na nyumba yetu ya Changamwe iliendeshwa kwa fedha za aina mbili. Ya kwanza ilikuwa mshahara. Mshahara ulilipa kodi ya chumba na kodi ya kichwa, ukabakisha sabuni na mafuta ya taa, basi. Ya pili ilikuwa posho, na hiyo ndiyo tuliyokula. Posho ilitolewa kwa kila siku ambayo lori lililala nje ya Mombasa. Likilala Changamwe, hakuna. Vita vilikuwa vimekwisha, lakini bei za dukani hazikupata habari hiyo, nami nilikuwa na watoto watatu waliokula kama vibarua wa bandarini.

Tajiri wake alikuwa na maneno yake kuhusu posho. Alisema ile si fedha ya mke wala ya watoto, ni ya tumbo la dereva, ale njiani asije akasinzia na kulipindua lori pamoja na mapipa ya mafuta. Kwa hiyo hakuitoa pale gereji Mombasa, maana zamani madereva waliipokea asubuhi wakaiacha nyumbani. Aliamuru ilipwe Voi, kwenye kituo chake, dereva akishafika. Madereva wakacheka. Aliyepanda bara aliipokea posho ya safari yake pale Voi, akaifunga kwenye kitambaa, akamkabidhi mwenzake anayeshuka, na kesho yake ikawa mlangoni kwetu. Sikusikia hata siku moja kwamba posho ya mtu imepotea. Dereva aliweza kuiba petroli, aliweza hata kuuza tairi, lakini kitambaa cha mwenzake hakukigusa.

Na njiani walikula nini? Walikula tulichowafungia sisi wake zao. Mimi nilimfungia unga wa mahindi, chumvi na vipande vya papa mkavu, na sufuria ndogo ambayo masizi yake yalikuwa hayatoki tena. Walisimamisha malori kando ya barabara, wakapika mara moja kwa siku, wakalala chini ya magari. Dereva aliyeingia hotelini akaagiza chai na nyama, wenziwe walimwuliza kwa sauti kama watoto wake wamekwisha kuolewa wote. Kulikuwa na aibu katika kushiba njiani, na aibu hiyo ndiyo iliyotulisha.

Hivyo nikazoea kumpenda akiwa hayupo. Silisemi kwa uchungu, lilikuwa jambo la sufuria tu. Mvua zilipoharibu barabara, alikaa nyumbani wiki nzima, wakati mwingine mbili, nasi tukashinda na uji kwa sababu baba yupo. Alikuwa mtu mcheshi, mpole kwa watoto, asiyelewa. Nilimwona amekaa kibarazani, akimchokoza mpita njia huyu na yule, nikakasirika kama vile ni yeye aliyeileta mvua.

Kisha tumbo likaanza. Kwanza alikunywa maji ya moto, akasema ni gesi. Baadaye akawa anaendesha huku ameinama juu ya usukani, na siku moja alirudi amevaa shati la mtu mwingine, kwa kuwa lake alikuwa amelitapikia damu. Nilimpeleka kwa dresa wa zahanati. Dresa alimminya hapa na pale, akasema tumbo lina kidonda, na dawa yake kubwa ni chakula. Ale kidogo kidogo, mara nyingi, na maziwa yakipatikana. Asikae na njaa. Akiendelea kupika mara moja kwa siku kando ya barabara, kidonda kitamwua. Alisema hivyo kwa sauti ya kawaida, kisha akamwita mgonjwa mwingine.

Tajiri hakuwa mtu mbaya. Alimpa kazi ya kuyahamisha malori kati ya gereji na bohari, mshahara uleule, kila jioni arudi alale nyumbani. Hata mume wangu hajamaliza kunieleza, nilimwambia aikubali. Akaikubali.

Basi posho ikakatika. Nilikuwa nimelijua jambo hilo, lakini kulijua na kulila ni mambo mawili. Nikaanza kusuka makuti ya kuuza, kama mama yangu kule kwetu Rabai. Vidole vikachubuka, na makuti hayakulipa hata nusu ya kile kitambaa. Yeye aliyeambiwa ale mara nyingi alikula mara moja kama sisi sote. Nilinunua maziwa kidogo nikamwekea kikombe chake. Watoto walikitazama wote watatu, naye akapiga funda moja akawapa. Kesho yake ikawa vivyo hivyo. Siku ya tatu sikununua.

Jioni moja alinikuta uani nikichambua mchicha.

“Mama watoto.”

“Abee.”

“Nimemwomba tajiri anirudishe njiani. Amekubali.”

“Na tumbo je?”

“Sikiza. Hapa mimi sili, wala nyinyi hamli. Huko nitakula. Nitaingia hoteli ya Voi kama bwana, ninywe maziwa, wanicheke watakavyo. Nusu ya posho nile, nusu niwaletee. Waonaje?”

“Haki ya Mungu utakula?”

“Haki ya Mungu.”

Nilifurahi. Nasema wazi kwamba nilifurahi, na furaha ile ilikuwa ya mchele. Lakini nilimjua mume wangu, nikaona nimwekee kizuizi. Asubuhi alipoondoka sikumfungia unga. Sikumfungia papa wala chumvi, na ile sufuria yake niliificha chini ya kitanda. Niliwaza kwamba mtu asiye na unga hana budi kununua chakula, na kwamba kwa mara ya kwanza posho itakwenda kulekule tajiri alikotaka iende. Alitafuta furushi lake mlangoni, akaelewa, akacheka sana. “Leo umenifukuza mikono mitupu, mama,” akasema. Nikamwambia hotelini hawapokei wageni wenye masufuria.

Alipokwisha kuondoka niliketi nikasuka makuti kwa moyo mwepesi. Akilini nilimwona Voi, amekaa mezani, kikombe mbele yake.

Kesho yake jioni dereva mwenzake alisimamisha lori nje, akapiga hodi, akanipa kitambaa. Nilikifungua palepale mbele yake. Nilitazamia nusu. Ilikuwa posho nzima ya safari nzima, kama karani wa kituo cha Voi alivyompa, haikupungua hata senti.

“Yeye amekula nini?” nikamwuliza.

“Alisema amekwisha kula, mama.”

“Umemwona akila?”

Akatazama lori lake. “Tulimkaribisha ugali wetu, akakataa. Alisema ameshiba. Mimi nilimwacha yuatia maji kwenye rejeta ya lori lake.”

Nilimwambia ahsante. Akaondoka, mimi nikabaki nimesimama na fedha mkononi. Safari ile ilikuwa ya siku nyingi, naye alipozitoa fedha hizi hata Voi alikuwa hajaipita. Hakukuwa na namna ya kumpelekea kitu. Malori yaliyopanda siku ile yalikuwa yamekwisha kupanda, na unga wake ulikuwa ndani ya kopo pale pale nilipouacha.

Nilingoja nisikie kitu, huzuni au hasira. Sikusikia. Binti yangu mkubwa alikuja akakiona kitambaa, akaniuliza kama aende dukani. Nikampa fedha akanunue mchele na samaki. Nilipika sufuria kubwa. Watoto walikula mpaka mdogo akalala na tonge mkononi, nami nilikula nao, nikajiongezea tena, kwa sababu nilikuwa na njaa.