Gia ya Pili Hadi Korogwe

Lori la kijiji chetu lilikuwa na gia nne, na mimi nilijiona ndiye mtu pekee kati ya Handeni na Korogwe anayezielewa zote. Sikuwa nimesomea. Shule niliiacha mwaka wazazi wetu walipofuatana kaburini. Nilikuwa mkubwa wa watoto waliobaki, nikaenda kutafuta kibarua katika karakana ya shamba la mkonge. Pale nilimshikia fundi taa, nikamshikia spana, nikamshikia na shati lake alipolala chini ya gari. Kijiji kilipoanzishwa na kupata lori kuukuu, nikakabidhiwa mimi, na kuanzia siku hiyo nikawa natembea kama mtu aliyeiumba injini.

Mtu aliyekulia kwenye mkonge hana ugonjwa asioutibu kwa katani. Kitanda kikilegea, katani. Mlango ukining'inia, katani. Mkono wa gia wa lori lile ulikuwa umechakaa, ukitetemeka kama mgonjwa wa homa, na kwenye tundu lake sakafuni vumbi jekundu lilipanda hadi puani. Nikafungua kibati cha sakafu, nikaushindilia mguu wa gia kwa katani, nikauzungushia kamba ya katani hiyo hiyo, nikarudisha kibati. Mtetemo ukaisha na vumbi likaisha. Mkono ukawa mzito kidogo kuusukuma, lakini nilidhani uzito huo ni heshima.

Januari ile mdogo wangu wa kike anayenifuata alichaguliwa kwenda sekondari upande wa Moshi. Kati yetu alikuwa wa kwanza, na kijijini pia. Shule ilitaja siku ya kuripoti, na asiyefika nafasi yake angepewa mwingine. Treni ya kumfikisha kwa wakati ilipita Korogwe mchana wa siku moja tu. Ikitupita, basi, angerudi shambani kupalilia nami. Uongozi ukakubali nimpeleke kwa lori, kwa kuwa kulikuwa na magunia ya mahindi ya kupeleka mjini.

Jioni ya kuamkia safari nililiosha lori. Sikuliosha kwa kitambaa kama watu wenye akili. Niliteka maji ndoo kwa ndoo nikayamwaga nje na ndani, kwenye viti na sakafuni, kwa sababu nilitaka mdogo wangu aondoke kwetu kama bibi harusi. Kisha nikaliegesha kwenye mteremko mbele ya ghala. Breki ya mkono ilikuwa imekufa zamani, kwa hiyo niliweka jiwe chini ya tairi na kuliacha kwenye gia ya pili, kama nilivyofanya kila siku.

Asubuhi mkono wa gia haukutoka kwenye ya pili.

Nilivuta, nikasukuma, nikaupiga kwa kiganja. Nikakanyaga klachi, nikaomba injini ipigwe hendeli. Ikawaka, na lori likabaki limesimama tuli. Nikaachia klachi taratibu, likasogea. Hapo nilikuwa nimepata jambo la kweli: klachi ni nzima, tatizo liko kwenye gia. Fundi wangu wa mkonge alikuwa akisema, anza nje, ndipo uingie ndani. Angalia mkono kwanza, na mguu wake, na kila unachokiona kwa macho. Nilimsikia akisema hivyo mara nyingi kiasi kwamba nilikuwa nimeacha kumsikiliza. Watu walikuwa wamekusanyika, na mbele ya watu nani anataka kuanza nje? Niliingia uvunguni, nikaweka ncha ya bisibisi kwenye sanduku la gia na mpini wake sikioni, kama mganga. Nikatoa tone la oili, nikalisugua kwa vidole, nikalinusa, nikanyamaza kwa muda unaotosha watu kuogopa.

"Jino limevunjika ndani," nikasema. "Kipande kimebana gia. Sanduku lazima lifunguliwe."

Mwenyekiti wa kijiji alikuwa mtu wa utaratibu. Hata mbuzi akipotea aliitisha mkutano. "Ndugu dereva," akasema, "lori hili ni mali ya wote. Hatuwezi kulifungua kwa neno la mtu mmoja. Waeleze wananchi."

Nikawaeleza. Sijawahi kuzungumza vizuri kama siku ile. Niliwachorea meno ya gia kwenye vumbi. Mzee mmoja aliuliza kama haiwezekani kuwa ni uchovu tu, lori lipumzishwe hadi mvua za masika, na nikamjibu kwa huruma. Mwenyekiti akaomba wanaokubali sanduku lifunguliwe wanyooshe mikono. Mikono ikapanda kama mahindi. Nami nilinyoosha wangu, tena juu kuliko wote.

Nilikuwa bado nimeunyoosha nilipomwona mdogo wangu ameketi juu ya sanduku lake la bati, amevaa gauni alilolipiga pasi kwa makaa usiku. Kufungua sanduku la gia pale kijijini ilikuwa kazi ya siku kadhaa, kama vifaa vingepatikana. Nilikuwa nimeshinda kura, na kura hiyo ilikuwa inampeleka shambani.

Mkono nikaushusha. Yeye ndiye aliyesimama.

"Kaka, hiyo gia ya pili inakwenda mbele?"

"Inakwenda."

"Basi twende nayo."

"Binti," mwenyekiti akasema, "mkutano umeshapitisha. Sanduku lifunguliwe."

"Ndiyo, mzee. Lakini mkutano haukusema lifunguliwe wapi. Mafundi wako Korogwe."

Mwenyekiti alitazama chini, akatazama mkutano. Alipenda utaratibu kuliko alivyompenda mtu yeyote, na utaratibu ulikuwa umemgeukia. "Lifunguliwe Korogwe," akasema mwishowe. "Na mahindi yaende humo humo."

Bibi yetu, mama wa marehemu mama, alikuwa ameshapanda na kukaa dirishani. Alisema mtoto wa kike hasindikizwi na mwanamume peke yake, hata awe kaka yake. Mdogo wangu akakaa katikati, magoti yakiwa pembeni ya ule mkono wa gia mkaidi.

Sijui kama umewahi kusafiri mwendo mrefu kwa gia ya pili. Injini inalia kama imefiwa, na miti haisogei. Kabla ya Sindeni tulipitwa na baiskeli iliyobeba mkungu wa ndizi. Mwendeshaji alitusalimia vizuri, akatuuliza habari za nyumbani, akapata muda wa kusikia majibu yote, ndipo akatuacha.

"Mume wangu," bibi akaniambia, maana ndivyo alivyoniita tangu nizaliwe, "nikishuka nikatembea, niwaagizie chai huko mbele?"

"Kaa, bibi. Jino limevunjika."

"Yangu yamevunjika mengi, na bado nafika ninakokwenda."

Mdogo wangu alicheka hadi akajifuta macho, kisha akatazama jua na kuacha kucheka. Nami nililitazama. Maji ya rejeta yalichemka, nikasimama kwenye kijito, nikangoja yapoe huku nikizunguka lori bila sababu, maana kusimama tu kulinishinda. Jua lilikuwa la Januari, kali la kuchoma. Sakafu chini ya miguu yetu ilipata joto la injini hadi bibi akavua kandambili akaweka miguu juu ya kikapu. Tulipovuka daraja la Pangani, milima ya Usambara ikasimama mbele yetu, na upande wa mjini tukasikia honi ya treni.

Nilikanyaga mafuta yote. Lori likalia zaidi na halikuongeza kitu.

Treni ilikuwa imesimama. Nilibeba sanduku la bati kichwani, nikakimbia, bibi akifuata na kikapu cha mihogo ya kuchemsha. Nilimsukumia mdogo wangu sanduku mlangoni. Nilikuwa nimeandaa maneno ya baba, ambayo baba angeyasema kama angekuwepo. Niliyasahau yote. Nikamwambia, "Usikae karibu na dirisha, kuna moshi."

"Haya, kaka. Shikamoo," akasema, neno ambalo hakuwahi kuniambia, kwani tulipishana umri kidogo tu.

Niliitikia marahaba wakati treni imeshaanza kusogea, sijui kama alisikia.

Tulirudi kwenye lori, mimi na bibi, tulipeleke kwa mafundi. Nikakanyaga klachi na kushika mkono wa gia kwa mazoea, nikiwa na mawazo mengine. Ukatoka. Ukaenda fri, ukaenda ya kwanza, ukaenda ya tatu, laini. Nikakaa nikiutazama. Kisha nikainama nikafungua kibati cha sakafu. Katani yangu ilikuwa imekauka kama nyasi za kiangazi, imesinyaa, ila kwa ndani kabisa, nilipoingiza kidole, kulikuwa na unyevu. Maji yangu ya ndoo yaliivimbisha ikaubana mguu wa gia pale pale ulipolala, na jua na injini vikaikausha njia nzima. Hakukuwa na jino lolote lililovunjika.

Bibi alichukua nyuzi mbili tatu, akazisokota kwa vidole.

"Hili ndilo jino?"

Nikachomoa nyuzi nyingine.

"Mkutano utauambia nini?"

"Nitawaambia tatizo limefunguliwa Korogwe."

"Na nani?"

"Na jua."

Alicheka kidogo tu, kisha akageukia dirisha, upande treni ilikopotelea. Nikaing'oa katani yote nikaitupa kando ya reli. Tukashusha mahindi, tukashika njia ya kurudi, mkono wa gia ukitetemeka tena na vumbi likipanda. Baada ya daraja nikaingiza ya tatu, halafu ya nne. Lori likapaa. Ilikuwa mara yangu ya kwanza siku ile kuendesha kama dereva.

"Polepole, mume wangu," bibi akasema bila kunigeukia. "Sasa hakuna tunachowahi."

Nikarudisha ya pili.