Vidonge vya Bi Radhiya Vilipozidi

Radhiya binti Jeilani wa Mbwajumali alikuwa fundi wa kushona kofia, na kazi yake ilijulikana kisiwa kizima cha Pate. Mwaka wa sitini na sita, akiwa na miaka arobaini na minane, alianza kukosa tundu la sindano. Analamba uzi, anaulenga, unapita kando. Tena kiu haimwishi, maji anakunywa kama anayemwagilia bustani.

"Mato yangu yamekwisha, Madi," alimwambia mumewe.

Madi alikuwa mkulima mpole, na fahari yake ilikuwa moja: mkewe ameshiba na amenawiri. Alimpandisha punda wakaenda zahanati. Dresa wa pale, Wanyama, alikuwa mtu wa bara, na Kiswahili chake kiliwachekesha wagonjwa kabla hawajapewa dawa. Alichukua mkojo wa Radhiya, akatia matone yake katika kijibomba cha kioo chenye dawa ya buluu, akakichemsha. Buluu ikageuka nyekundu ya matofali.

"Bi Radhiya, hii ni sukari," alisema. "Nitakupa vidonge, kimoja asubuhi, kimoja jioni. Lakini mwili wako umebeba mzigo. Lazima upunguze chakula."

"Nipunguze kipi?"

"Vyote. Wali kikombe kimoja kwa siku. Tui usiliguse. Chai kavu. Samaki wa kuchoma na mchicha, basi."

Alisema na mengine, lakini Radhiya hakuyasikia. Alikuwa bado kwenye wali.

Juma la kwanza alilia mbele ya samaki. La pili alimgombeza Madi kwa kutafuna kwa sauti. Madi naye alificha sukari yote ndani ya kopo, akaliweka juu ya kabati, na yeye mwenyewe akanywa chai chungu ili mkewe asione wivu. Polepole njaa ikazoea kukaa mahali pake. Bangili zikaanza kumtoka mkononi, buibui likampwaya, na kijiji kikaanza kusema.

"Bwana Madi, shamba halikuzaa mwaka huu?" jirani yao Esha alimuuliza kisimani, mbele ya watu. Madi akashika ndia yake, masikio yamewaka moto.

Lakini juma la sita uzi ukapita tunduni mara ya kwanza. Radhiya aliuchomoa, akaupitisha tena, akacheka peke yake. Kofia mbili zilizokuwa zimelala tangu zamani zikaisha siku tisa.

Asubuhi moja, katika juma la tisa, alikuwa akishona pamoja na Esha, mara mikono ikaanza kumtetemeka. Jasho likamtoka chapachapa. Akamwita Esha kwa jina la shangazi yake aliyekufa zamani.

"Ana pepo! Leteni ubani!" Esha akapiga kelele.

Madi alitoka shambani mbio. Alipomwona mkewe hakuwaza pepo. Aliwaza njaa. Akavuta kopo juu ya kabati, akatia vijiko vitatu vya sukari katika chai, akamnywesha kidogo kidogo. Haukupita muda Radhiya akatulia, akatazama huku na huku.

"Esha, mbona wanishika kama mwizi?"

Esha alicheka huku akilia. Madi hakucheka. Alitandika punda, na kufika zahanati akaungama kabla ya salamu kwisha.

"Bwana Wanyama, nimevunja amri yako. Nimempa sukari. Vijiko vitatu."

Wanyama alimtazama Radhiya, akamsimamisha juu ya mizani: ratili thelathini na mbili zimekwenda tangu siku ya kwanza.

"Umemwokoa, Bwana Madi," alisema, meno yote nje. "Vidonge hivi nilivipima kwa mwili ule wa zamani na sahani zile za zamani. Sasa anakula kidogo, mwili umekuwa mwepesi, na vidonge ni vilevile viwili. Vimeishusha sukari mpaka chini kabisa. Dawa imeuzidi ugonjwa! Na nilikwambia, Bi Radhiya, siku ile ya kwanza: ukitetemeka, lamba sukari, kisha uje."

Radhiya akainamisha kitwa. "Siku ile nilikuwa nawaza wali."

Wakacheka wote watatu mpaka wagonjwa wa nje wakachungulia.

Wanyama akapunguza vidonge viwili kuwa kimoja, baadaye nusu, kila juma akichemsha kijibomba na kila juma kikibaki buluu. Kabla ya Ramadhani akaviondoa kabisa. "Ugonjwa haujahama, umelala," alimwonya. "Sahani zikikua, utaamka. Kila mwezi nikuone." Naye Radhiya hakukosa mwezi hata mmoja.

Baada ya Idi kukawa na harusi Kizingitini. Wanawake wakatoa pembe zao za vugo, ngoma yao ya kugonga pembe, na Radhiya, ambaye miaka saba alikuwa akitazama ameketi, akasimama katikati ya safu. Alipiga, akaimba, akayumba na wenzake wimbo baada ya wimbo. Esha ndiye aliyechoka kwanza, akatafuta mkeka.

"Radhiya, pumzika basi!"

"Pumzika wewe," alijibu Radhiya, pembe juu. "Mimi ndiyo kwanza naanza."