Siku Mama Alipokalia Magunia

Nilikuwa kidato cha tatu katika shule ya bweni mjini Sumbawanga niliporudi likizo na riwaya ya Kiingereza iliyochakaa. Mwandishi alikuwa mwanamke wa nchi ya mbali, wa zamani sana. Nyumbani kwetu, karibu na Mpui, nilimsimulia mama kwa Kifipa huku tukipukuchua mahindi.

Ilihusu mke wa mtu mwenye uwezo. Hakupigwa, hakulala njaa, ila hakuna aliyewahi kumuuliza anataka nini. Nilidhani mama ataona ni kudeka tu. Badala yake mikono yake ilisimama. Akauliza yule mke alimwambia nani hayo yaliyomsumbua. Nikamjibu kwamba hakumwambia mtu, aliondoka kimya.

Mama akachukua hindi jingine. "Mimi ningesema kwanza," akasema.

Serikali ilikuwa imeruhusu watu binafsi kununua mazao, na malori yakawa yanafika hadi mlangoni. Shamba letu alililima mama. Baba ndiye aliyeuza na kupanga matumizi, sisi tukapewa habari.

Lori lilipokuja likizo ile, mnunuzi na dereva wake wakashuka, mama alitoka jikoni, akakaza kitenge chake, akaketi juu ya rundo la magunia ya mahindi. Mnunuzi akacheka, akamwomba baba amwondoe mkewe. Baba, akiwa kwenye kiti chake uani, akamwambia taratibu aingie ndani.

"Baba watoto, mahindi haya nimelima mimi," mama akasema. "Bei ipangwe nikiwa nimekaa na ninyi."

Hakupandisha sauti. Upepo wa baridi ulikuwa ukivuma uwandani, na mimi nilisimama mlangoni nikitazama. Maisha yangu yote nilimwona mama chini mkekani, karibu na kiti cha baba. Sasa alikuwa juu yetu wote, mwanamke mfupi yule, na wanaume watatu wamemwinulia macho.

 Baba akaingia ndani, akatoka na kiti cha pili, akakiweka kando ya chake.

Mama alibishana bei mpaka mnunuzi akaacha kucheka.

Baba alimnunia siku kadhaa, na shangazi zangu wakaja kulalamika kwamba shule imeniharibu, nami nimemharibu mama. Ng'ombe baba aliendelea kuwauza peke yake. Lakini mahindi, tangu mwaka ule, hayakutoka uani kabla mama hajaketi.