Mama Alipopiga Hodi Kwenye Kioo

Shule niliishia darasa la nne, na sioni aibu kuliandika hilo. Nilianza kwa kufyatua tofali Tlawi, nikawa mwashi, nikafungua duka la vifaa vya ujenzi Mbulu mjini, na leo walimu na wauguzi wanaoletwa huku kutoka mikoa mingine wanapanga katika nyumba nilizozijenga mimi. Nyumba ninayokaa mwenyewe niliichora nyuma ya mfuko wa simenti, kwa penseli ya fundi seremala, na haijapata ufa mpaka leo.

Bafuni niliweka mlango wa kioo. Nataka msomaji aelewe uzito wa jambo hilo. Sisi tulikua tukiogea nyuma ya uzio wa mabua ya mahindi, na baridi ya Julai ya huku kwetu haibishi hodi, inaingia tu. Mtu aliyeoga hivyo utoto wake wote ana haki ya mlango wa kioo akiuweza.

Fundi wa vioo nilimwita kutoka Babati. Kijana mwembamba, wa maneno machache. Dukani nilikuwa na vioo vya madirisha vilivyobaki, vinene kweli kweli. Nikamwambia achukue kimoja akikate, afunge.

"Hiki sikifungi bafuni, mzee," akasema.

"Kwa nini? Unene wake huuoni?"

"Unene nauona. Lakini ni kioo cha dirisha. Kikipasuka kinatoa visu."

"Mimi nimeanza kujenga wewe hujazaliwa."

"Ndiyo, mzee. Umejenga kwa tofali."

Nilitaka kumfukuza. Yeye hakubishana. Alifunga kipande cha kioo changu ndani ya gunia, akakipiga nyundo moja, akafungua gunia nione. Vipande virefu, vimechongoka, vingine kama mapanga ya kuchezea watoto. Kisha akaenda kwenye pikapu yake, akarudi na kioo kidogo cha mlango wa gari bovu. Nacho akakipiga ndani ya gunia. Alipofungua, kilikuwa chenga tupu, kama mahindi yaliyokobolewa.

"Hiki kimepikwa kwenye tanuru kiwandani," akasema. "Na chenyewe kinavunjika, nisikudanganye. Lakini kikivunjika kinakuwa chenga. Cha bafuni lazima kiwe kama hiki."

Kilichonifunga mdomo si lile gunia. Ni mama. Alikuwa anakuja kukaa na sisi, kutoka Bashay alikokuwa akiishi peke yake. Mama ana ugonjwa wa sukari, na miguu yake imekufa ganzi. Mpangaji wangu mmoja, muuguzi, mwanamke wa Tanga, alikuwa ameshaniambia bila kupindisha: "Baba, mama akijikata mguuni hatasikia. Kidonda cha hivyo kinaanza kama mchezo, na kuna watu wameishia kukatwa mguu."

Basi nikakubali. Kioo kilichopikwa kikaagizwa Arusha, kikaja na chapa yake ndogo pembeni, kikafungwa. Fundi alipomaliza akanipa masharti. Mlango usibamizwe. Ndoo isitundikwe kwenye kishikio chake. Kila mwezi nikaze bawaba na nipitishe macho kwenye kingo zote, juu mpaka chini. "Ukiona mahali pamebanduka, hata kama punje ya mtama, mlango usitumike. Nipigie simu."

Nikasema ndiyo, ndiyo. Miezi ikapita na sikuangalia hata mara moja. Nilichokuwa nafanya ni kuwapeleka wageni bafuni na kukipiga kile kioo kofi mbele yao, wasikie kinavyolia.

Mama akaja na fimbo yake. Ina ncha ya chuma, kwa sababu udongo wetu wakati wa mvua unateleza kama sabuni, na bila ncha fimbo haikusaidii kitu. Na mama hapiti mlango bila hodi. Alitulea hivyo, hata banda la kuku ulikuwa unapiga hodi. Kwa hiyo kila asubuhi, akienda kuoga, alikuwa anasimama mbele ya mlango wa kioo na kugonga kwa ncha ya fimbo, chini, pembeni kabisa. Ko, ko, ko. Ndani hamna mtu, na yeye anajua hamna mtu. Lakini atagonga.

Mimi nilikuwa nasikia kutoka mezani, na nilifurahi. Nilimwambia mke wangu, "Unaona? Mama anakiheshimu hata kioo changu."

Asubuhi moja nilikuwa nakunywa chai. Ko, ko. Ya tatu haikuja. Kilichokuja ni mlio kama tairi la lori limepasuka, na baada yake sauti ya gunia la mahindi linalomwagwa sakafuni. Chai niliiacha hewani, sijui ilianguka wapi.

Nilimkuta mama amesimama wima, kanga kifuani, ndala miguuni, fimbo mkononi. Chenga zimemzunguka pande zote, nyingine zimeingia ndani ya ndala.

"Mama, usisogee!"

"Nimepiga hodi tu," akasema.

"Najua, mama. Usinyanyue mguu."

"Ni nani yumo humo ndani anayekasirika namna hii?"

Nilivaa buti, nikafagia njia mpaka alipo, nikamgeuzia mgongo. "Panda."

"Utaniangusha wewe."

"Nimebeba simenti miaka yote hiyo, mama, nitakuangusha wewe?"

"Simenti haina mifupa." Lakini akapanda. Mke wangu akamvua zile ndala taratibu nikiwa nimembeba.

Tukamwita muuguzi, anayepanga nyumba ya jirani; alikuwa bado hajaenda kazini. Alimkalisha mama kwenye kiti, akaomba maji safi na beseni, akawasha tochi ya simu yake, akaanza kuangalia mguu wa kulia. Kidole kwa kidole. Katikati ya vidole. Kisigino. Kila chenga aliyoitoa aliiweka kwenye kisosi. Mama alikuwa anaangalia dirishani kama vile miguu ni ya mtu mwingine, na hilo ndilo lililonitisha kuliko kitu chochote: ningeweza kuona damu na yeye asijue. Nilishika beseni. Mimi, ninayesimamia mafundi kumi na mbili kwa sauti moja, nilikuwa nashika beseni na kungoja kuambiwa.

Akahamia mguu wa kushoto. Akakaa sana kwenye kidole gumba. Mwisho akanyanyua kichwa.

"Zimekwaruza ngozi mahali pawili. Hazijaingia. Tutasafisha, na tutaangalia kila siku."

Nilikaa chini, palepale sakafuni. Kile kioo changu kinene cha dirisha kilinijia machoni, na sikutaka kukifikiria mpaka mwisho.

Fundi alifika mchana. Alisikiliza, akamwamkia mama, kisha akamwomba aonyeshe alivyokuwa anagonga. Mama akagonga ukutani, chini, mara tatu. Fundi akaichukua fimbo, akaigusa ncha kwa kidole gumba, akacheka peke yake.

"Usoni kioo hiki kina nguvu, mzee. Ukingoni ndiko roho yake iliko. Mama alikuwa anakigonga rohoni kila siku." Akanigeukia. "Kingo ulikuwa unazikagua?"

Mimi nina jibu kwa kila mtu, hata kwa watu wa kodi. "Hapana."

"Hata mara moja?"

"Hata mara moja."

Hakunigombeza. Alikata kipande cha raba ya tairi, akakifunga kwenye ncha ya fimbo kwa waya, ncha za waya akazikunjia ndani. Mama akajaribu kugonga. Kimya.

"Sasa hodi yangu itasikikaje?"

"Kwa mdomo, mama."

"Kwa mdomo tu bila kugonga? Huko ni kuvizia watu."

Tulicheka wote, na mimi nilicheka mpaka machozi yakanitoka, na si yote yalikuwa ya kicheko.

Kioo kipya kimefungwa, nacho kimepikwa, na kwa ndani fundi amekibandika plastiki inayong'aa, ili siku kikivunjika chenga zishikane zisimwagike. Kila mwanzo wa mwezi napitisha macho na vidole kwenye kingo. Na mbele ya mafundi wangu wote nilimwambia yule fundi kwamba yeye alijua na mimi sikujua, na asante. Kabla ya hapo sikuwahi kumwambia fundi yeyote maneno hayo. Muuguzi nilimshukuru kwake, na mume wake akiwepo.

Wiki ya pili muuguzi alisema miguu imekauka vizuri, haina kitu. Jumapili iliyofuata niliwasha gari nimpeleke mama kanisani. Akanitazama akiwa amevaa viatu vyake vya kufunika.

"Miguu si ipo?"

Akaanza kuupanda mlima wa kuelekea kanisani. Nami nikamfuata nyuma na gari, gia namba moja, polepole. Nyuma yangu watu wakapiga honi, wakapiga tena. Sikupisha. Anayetembea mbele ni mama yangu.