Njano Iliyopotea kwa Mama Vikombe

Wifi yangu, dada wa mume wangu, mtaa mzima unamwita Mama Vikombe, na jina hilo hakulipata kwa kupenda chai. Anachapa picha kwenye vikombe na fulana, katika chumba cha mbele cha nyumba tunayoishi pamoja. Yeye yuko upande wa dirisha na printa yake na mashine ya joto, mimi upande wa mlango na cherehani. Tumechokozana hivyo tangu niolewe. Mimi humwambia kazi yake ni kupika picha, naye huniambia yangu ni kuzichoma nguo sindano wakati haziumwi.

Lakini kupika ndiko hasa. Picha hutoka kwenye printa imefifia, kulia kumekuwa kushoto. Anaizungusha kwenye kikombe, anaibana kwa utepe, anaitia kwenye mashine, na joto linaugeuza wino kuwa mvuke unaozama ndani. Ikitoka, rangi zinawaka. Ukipitisha kidole juu yake hukuti chochote, maana picha haikukaa juu, imeingia.

Chumba cha nyuma anakaa mama mkwe wangu, ambaye haoni. Alianza kwa kulalamika kwamba taa zina moshi, kisha kwamba shuka tunazofua hazitakati, mara akaanza kujigonga kwenye milango. Tukasema ni uzee. Wifi ndiye anayemwogesha mama yake. Mara nyingi nilimkuta amesimama mlangoni, akimtazama anavyotafuta kikombe mezani kwa vidole, na nikajua anajiona yeye mwenyewe pale.

Mteja wa kwanza kurudi na malalamiko alikuwa mwalimu wa chekechea, na vikombe vyake vyenye sura za wanafunzi.

"Mama Vikombe, watoto wangu wamekukosea nini hadi ukawapaka bluu?"

Wifi akakigeuza kikombe huku na huku. "Bluu iko wapi hapa, mwalimu? Labda ni taa za kwako."

Mwalimu akanitazama mimi. Nikainamia cherehani kana kwamba uzi umekatika. Watoto wale walikuwa na midomo ya watu waliotolewa majini. Baada ya mwalimu akaja kocha na fulana za timu yake. Nembo ya rangi ya chungwa ilikuwa imegeuka tope. Hapo wifi akaacha kulaumu taa za watu.

Akaanza kuitafuta hitilafu. Joto likizidi rangi huungua, likipungua hufifia, kwa hiyo akaipima mashine. Ilikuwa sawa. Karatasi ikinyonya unyevu huacha madoa, akafungua pakiti mpya. Hakuna doa. Akautazama wino tarehe yake, akakaza mashine, akalegeza. Kila alipokuta kitu kizima, badala ya kushukuru, alizidi kunywea. Nikamtania kwamba mchagua jembe si mkulima. Hakucheka, akaanza kuipima mashine upya, nami nikajuta.

"Picha zinanitokea na umanjano," akasema. "Ndiyo maana naziongezea bluu. Naongeza, naongeza, na bado."

Siku moja akapiga kelele ya furaha. Alikuwa amechapa ile karatasi ya majaribio, yenye mistari ya kila rangi, inayoonyesha kama matundu ya wino yameziba.

"Nimeipata! Njano imeziba. Hakuna hata mstari mmoja!"

Akasafisha, akachapa tena. Akasafisha, akachapa tena. Kila mara akasema haipo. Nikainuka kwenda kuitazama karatasi.

"Wifi, njano ipo."

"Ipo wapi?"

"Hii hapa. Mistari yote. Haijakatika hata mmoja."

Nikakishika kidole chake nikakiweka juu ya mistari. Akapapasa pale mahali kwa muda mrefu, vilevile anavyopapasa mama yake. Niliogopa. Sisemi nilimwonea huruma, huruma ilikuja baadaye. Niliogopa ile mashine ya moto, na mikono yake, na nyumba yenye watu wawili wa kushikwa mkono.

Hakukubali. Akafungua kabati akatoa kikombe chake cha kwanza kabisa, alichokichapa wakati anaanza kazi. Kina mviringo wa rangi zote ubavuni, na kwingine kote ni cheupe. Amekihifadhi ndani ya kitambaa miaka yote, hakijapigwa na jua wala kutiwa chai. Akachapa picha ileile kwenye kikombe kipya, bila kuongeza bluu. Akaviweka viwili pamoja dirishani.

Kwangu vilikuwa pacha.

"Vinafanana," akasema polepole. "Lakini hata hiki cha kabatini kimegeuka manjano. Kimegeukaje, na kilikuwa gizani?" Akanigeukia. "Wifi, niambie kweli. Hiki kikombe kina rangi gani?"

Nilitamani kudanganya, Mungu ananiona.

"Cheupe, wifi. Cheupe pe."

Akakaa juu ya boksi la vikombe. "Basi si mashine," akasema. "Ni mimi. Ninakuwa kama mama."

Hospitali hakutaka kuisikia. "Nisipoambiwa, bado naona," akasema. Mimi sina subira na maneno ya namna hiyo. Nikamwambia mficha maradhi kifo humuumbua, kisha nikamtupia viatu vyake miguuni. "Vaa."

Njia nzima alinishika mkono kwa nguvu, kana kwamba giza limekwisha kuingia. Daktari wa macho alimmulika kwa kitochi, jicho hili, jicho lile.

"Ni mtoto wa jicho," akasema. "Kioo cha ndani ya jicho kimeingia ukungu, ndiyo maana kila kitu unakiona cha manjano. Tunakitoa, tunaweka kingine."

"Kwa kisu?"

"Kidogo sana, mama. Na dawa ya ganzi."

Wifi akaanza kulia. Nilidhani ni kwa ajili ya kisu. "Mama yangu alianza hivihivi," akasema.

"Alipimwa?"

"Tulisema ni uzee," nikajibu mimi.

"Mleteni nimwone. Siahidi kitu, lakini mleteni."

Tulipomweleza mama mkwe, alikuwa na kikombe chake mkononi. Wifi akaketi chini, kichwa magotini pa mama yake. "Mama, naogopa."

"Mimi naogopa zaidi yako," mama akasema. "Hapa gizani nimeshapazoea. Wakinikata na kisha nisione, nitangoja nini tena?"

Kidole gumba chake kilikuwa kinapita ubavuni mwa kikombe, kinarudi, kinapita tena. Ni kikombe alichochapiwa na wifi, chenye picha ya wajukuu wake.

"Kila siku mnaniambia watoto wapo hapa," akasema. "Napapasa, sikuti kitu. Miaka yote hii nilidhani mnanidanganya ili nifurahi."

Akakiweka kikombe mezani, taratibu, akanyoosha mkono hewani.

"Viatu vyangu viko wapi?"