Tamthilia ya Kichina Niliyomsomea Bibi

Jumamosi iliyopita nilikwenda kwa mama, Kilburn, hapa London, kumpelekea unga wa mtama niliomnunulia Tooting, nikamkuta mdogo wangu amejilaza kwenye kochi anatazama tamthilia ya Kichina kwenye simu. Ana miaka kumi na mmoja. Nikakaa karibu yake nitazame naye. Mwanamke mmoja aliyevaa koti jeupe alikuwa anatia saini karatasi za talaka mbele ya mume wake na mama mkwe. Alitia saini huku anatabasamu, akainuka, akapanda gari lake mwenyewe na kuondoka. Nikamuuliza mdogo wangu kama hiyo ndiyo sehemu ya mwisho. Akanijibu kwa Kiingereza, kama anavyojibu kila kitu, kwamba hiyo ni sehemu ya kwanza.

Ya kwanza, rafiki yangu. Siku hizi talaka ndiyo inayoanzisha hadithi. Akanieleza yanayofuata: mume atakuja kugundua kwamba yule mwanamke ndiye mwenye kampuni, atamfuata kila mahali na bakuli la supu, na mwanamke hatamtazama hata usoni. Nikamuuliza sasa anayelia ni nani. Akasema ni mwanamume. Alishangaa hata kuulizwa.

Nilicheka naye, lakini ndani nilivurugika, na tangu siku ile sijatulia vizuri. Sebule ile ile, nikiwa na miaka kumi, nilimpenda mwanamke mwingine wa Kichina, aliyelia sehemu arobaini mfululizo. Nilimpenda, halafu nikamsingizia maneno ambayo hakuyasema.

Wakati ule tulikuwa wawili tu nyumbani, mama na mimi. Baba alikuwa amehamia Birmingham. Hakuna aliyeniambia kwa nini. Niliambiwa ni kazi, lakini wazee wa pande zote mbili kule Singida walikuwa wamekaa kikao, wakaamua bibi, mama yake mama, aje London azungumze na binti yake amrudie mumewe. Nilijua kwa sababu mama alikuwa anaongea kwenye simu mbele yangu. Watu wazima walidhani sielewi Kiswahili kwa vile nilikuwa najibu kwa Kiingereza.

Nami niliutaka mpango huo kuliko mzee yeyote wa Singida. Baba alikuwa anapiga mluzi akipanda ngazi, ukiusikia unajua Ijumaa imefika na kuna samaki na chipsi kwenye karatasi yenye siki. Tukipanda basi la ghorofa alihakikisha tumepata kiti cha mbele kabisa juu, halafu anajifanya yeye ndiye dereva. Mluzi huo ulipokoma, ngazi zile zilikuwa na ukimya ambao sikuupenda.

Bibi alifika Novemba, amevaa sweta mbili, moja juu ya nyingine, na kitenge juu ya vyote. Begi lake lilinuka nyumbani ambako mimi sikuwahi kufika: mlenda wa kukausha uliosagwa, karanga, dagaa, na katikati, akiwa amezifungia ndani ya khanga kama mtoto mchanga, diski za tamthilia ya Kichina iliyotiwa sauti za Kiswahili. Alizinunua sokoni. Muuza diski alikuwa ameandika jina la tamthilia kwa kalamu juu ya kila moja, Mkwe Mwema, na namba. Bibi alisema alishatazama nusu na asingeweza kukaa miezi minne bila kujua mwisho wake.

Mama alikuwa anafanya kazi ya kutunza wazee, anatoka mchana na kurudi saa mbili usiku. Kwa hiyo saa tisa na nusu nikitoka shule, nilikuwa wa bibi. Na wa jirani pia. Jirani yetu wa mlango wa mbele, unaotazamana na wetu, alikuwa mama mjane wa Kihindi aliyezaliwa Mwanza akaja huku akiwa bibi harusi, na Kiswahili chake kilibaki pale pale alipokiacha. Gari aliliita motokaa. Siku ya pili tu tangu bibi afike, alibisha hodi na chupa ya chai ya tangawizi na bakuli la chauro, vile vitafunio vya Kihindi vya dengu na karanga, akasema amesikia sauti za watu wa kwao. Zilikuwa sauti za Wachina.

Huo ndio ulikuwa mchezo wa ajabu. Midomo inakwenda Kichina, sauti zinatoka za Dar es Salaam. Mama mkwe aliyevaa hariri anamwambia mkwewe, "Wewe binti, umelelewa wapi?" kwa sauti ya mtu unayeweza kukutana naye Kariakoo. Tulikaa watatu kwenye kochi, mimi katikati, giza la saa kumi jioni limeshaziba dirisha, hita inagongagonga, harufu ya mlenda inatoka jikoni na tangawizi kwenye vikombe. Nilijifunza Kiswahili changu pale. Mawifi, fadhaa, kutengwa, kusameheana, maneno yote hayo niliyapata kwa yule mkwe. Mwalimu alipotuuliza darasani kila mtu amejifunzaje lugha ya nyumbani, nilisema mimi nimejifunza kwa Wachina. Akaniuliza kwa upole kama nimeelewa swali.

Mkwe mwenyewe alikuwa mwembamba, mpole, macho makubwa. Alimwosha mama mkwe miguu. Alipikia watu tisa, akala makombo amesimama. Akipigwa kofi aliomba radhi yeye. Mume wake alikuwa anakaa katikati, kichwa chini, anachezea vijiti vya kulia. Bibi alikuwa anatikisa kichwa na kusema, "Huyu ndiye mwanamke. Mtazame, mjukuu wangu. Huyu ndiye mwanamke."

Jirani hakukubali hata siku moja. "Mjinga huyu, dada. Angeondoka toka sehemu ya tatu."

"Aende wapi?"

"Popote. Dunia ndogo?"

Halafu jirani alisimulia, kwa mara ya ngapi sijui, jinsi mumewe alivyokufa akiwa na umri wa miaka thelathini na nane, wakwe wakamwandikia arudi Mwanza wakae naye, naye akajibu kwa barua ya mstari mmoja na kwenda kununua cherehani. Bibi alisikiliza hadi mwisho, akasema pole, akasema lakini yeye jirani alikuwa mjane, huyu mkwe ana mume. Wote wawili wakala chauro.

Mimi nilimwunga mkono bibi kwa moyo wote. Nilikuwa na hesabu zangu. Mkwe akivumilia hadi mwisho, mume atazinduka, watakaa pamoja, bibi atafurahi, ataongea na mama, na baba atapanda ngazi zile. Usinicheke. Hakuna aliyekuwa ananiambia kitu, na ile tamthilia ndiyo pekee iliyokuwa inazungumza waziwazi juu ya mambo ya nyumba yetu.

Kisha diski ya mwisho ikagoma. Ilikuwa na mikwaruzo, ikawa inaganda kwenye uso wa mkwe, mdomo wazi. Tuliifuta kwa khanga, kwa maji ya moto, jirani akaifuta kwa ndimu, wapi. Bibi alihuzunika kweli. Mama alipoona hivyo alizitafuta sehemu zilizobaki kwenye mtandao, akazipata kwenye kompyuta yake, ila zilikuwa na sauti zake zenyewe za Kichina na maandishi ya Kiingereza chini. Bibi hakujua Kiingereza. Akapiga kochi kwa kiganja nikae.

"Soma, mama," aliniambia. "Uwe sauti yao."

Nilisoma kwa uaminifu sehemu tano. Kiswahili changu kilikuwa cha kuungaunga, maandishi yanakimbia, na nilikuwa nafanya sauti zote, ya mkwe nyembamba, ya mama mkwe nzito. Jirani, aliyekuwa anasoma Kiingereza vizuri kuliko mwalimu wangu, alinisaidia maneno magumu. Siku hizo bibi hakutazama kioo sana. Alinitazama mimi mdomoni.

Sehemu ya mwisho tuliitazama siku ya Alhamisi. Mkwe alikuwa amefukuzwa, akapata kazi ya kushona mahali, na sasa mume amekuja kumwomba radhi barabarani, mvua inanyesha. Mkwe amebeba sanduku dogo. Alimsikiliza mume hadi mwisho. Halafu akasema, na maandishi yakapita chini polepole kuliko siku zote, kwamba amemsamehe, lakini nyumba ile hataingia tena mpaka afe.

Nilisoma nusu ya kwanza. "Anasema amemsamehe." Kisha nikaona mkwe ameanza kutembea, anaondoka, na bibi anaona kwa macho yake kwamba anaondoka, nikajua nina muda mfupi mno. "Anasema atarudi nyumbani wiki ijayo," nikasema. "Kwanza anakwenda kumsalimia mama yake."

Mkono wa jirani uliganda ndani ya bakuli la chauro. Nilisubiri aseme. Alikuwa amesoma, nilijua amesoma, alikuwa amevaa miwani. Akainamisha uso kwenye kikombe chake na kunywa chai ambayo nadhani ilishapoa.

Bibi alilia. Alijifuta kwa ncha ya khanga na kusema, taratibu, "Basi amerudi kwake."

Kwake. Wakati ule nilisikia kwa mume. Leo, Kiswahili changu kikiwa kimekua kidogo, nasikia pia kwake mwenyewe, na sijui bibi alikusudia lipi.

Jirani alipoaga nilimsindikiza hadi mlangoni, nikampa shikamoo ya kuagana ingawa nilishamwamkia mchana. Alinishika kidevu, akasema, "Umesoma vizuri," akavuka kwake. Hakutabasamu wala hakukasirika. Sikuweza kula mlenda siku ile.

Kesho yake bibi aliomba apigiwe simu Singida. Nilikaa kwenye zulia nikijifanya ninachora, nikingoja tunda la uongo wangu. Aliwasalimia wazee mmoja mmoja, akauliza mvua, akauliza ng'ombe. Kisha akasema, "Nimeongea naye. Harudi. Na asiulizwe tena na mtu yeyote, mniulize mimi." Akanirudishia simu niikate.

Nilimkasirikia kwa wiki nzima. Nilikataa kukaa katikati. Niliona nimefanya dhambi na hata haikunisaidia kitu. Naye hakuniuliza nina nini. Alinisuka nywele, akanikaangia karanga, na Machi akaondoka na sweta zake mbili. Baba alioa Birmingham. Miaka michache baadaye mama naye akaolewa na mtu mpole anayependa kupika, wakampata mdogo wangu. Bibi alifariki nikiwa chuo. Jirani alichukuliwa na mwanawe wakaishi Stanmore, nikamtembelea mara moja, na nilipotaka kwenda ya pili nikaambiwa nimechelewa.

Kwa hiyo Jumamosi, mdogo wangu akiwa bado na yule mwanamke wa kampuni kwenye simu, nilimfuata mama jikoni na kumwambia yote. Sikuwahi kumwambia kabla ya hapo. Alikuwa anachekecha ule unga. Aliendelea kuchekecha muda mrefu, halafu akavuta mkono wa sweta yake juu ya kiwiko. Kuna kovu pale, pana, linang'aa. Siku zote nilijua ni la oveni ya kazini.

"Bibi yako aliliona siku aliyofika, nikivua koti," mama alisema. "Aliniuliza mara moja tu nani. Nikamjibu. Akaniambia, hawa wazee wamenikatia tiketi nije nikurudishe, mimi nitakaa hadi tiketi iishe nikupikie."

Siku aliyofika. Kabla ya chauro, kabla ya sehemu ya kwanza. Nilimuuliza, sasa kwa nini alikuwa anamsifu yule mkwe kila siku, mbele yangu, huyu ndiye mwanamke, huyu ndiye mwanamke. Nikamuuliza kwa nini alilia kwa furaha niliposema anarudi, kama alishaamua binti yake asirudi.

"Labda alimfurahia tu," mama alisema. "Ilikuwa tamthilia."

Nimelizungusha jibu hilo wiki nzima. Labda bibi alitaka wa kwenye kioo apate mume aliyezinduka, kwa kuwa alijua mume wa binti yake hazinduki. Labda jirani alimwambia ukweli mlangoni, wakacheka. Labda alijua, niliposoma, kwamba nasema uongo, akalia kwa ajili yangu. Na mimi niliyekuwa namwomba Mungu arudishe ule mluzi kwenye ngazi, nilikuwa naomba nini hasa? Mdogo wangu asingekuwepo pale kwenye kochi.

Hata wanawake wa tamthilia wamenichanganya. Najua napaswa kumpenda huyu wa sasa, mwenye gari na kalamu ya kutilia saini, na ningependa mdogo wangu awe kama yeye. Lakini nikimtazama naona hanihitaji. Yule wa zamani nilimlilia, nikamtetea, na kumbe kwa ukimya wake ndiye aliyeondoka kwa miguu kwenye mvua, na mimi ndiye niliyejaribu kumrudisha. Nimemtafuta mtandaoni nimwombe radhi, au angalau nihakikishe kama nilisoma sawasawa. Simpati. Mkwe Mwema ni jina alilobuni muuza diski wa Singida, Wachina hawalijui, na diski zilitupwa tulipopaka rangi sebule.

Mama bado anapika mlenda Jumamosi. Mlango wa mbele wanaishi wanafunzi ambao sijui majina yao. Kwenye kochi kila mmoja ana simu yake na vidude vyake masikioni, na maandishi yanakuja kwa lugha yoyote unayoitaka, sahihi kabisa, hakuna mtoto anayewekwa katikati asome. Ile sehemu ya mwisho, kama tulivyoitazama sisi watatu Alhamisi ile, haipo popote tena duniani. Mkwe aliyesema anarudi wiki ijayo amebaki kwangu tu, na sijui nimfanye nini.